Bei ya Sisimizi Mmoja

Kilima cha Nyanchwa, ukingoni mwa mji wa Kisii, ni makao ya Waadventista tangu enzi za wamisionari. Mtoto aliyepitia Shule ya Sabato hapo anaijua habari ya Sulemani na mvivu: mvivu anatumwa akajifunze kwa chungu, mdudu asiye na mkubwa wa kumwamrisha lakini asiyekosa akiba. Mahubiri yakifika hapo huishia kwenye bidii na umoja. Wanasayansi nao wamechunguza sana, na katika jambo moja wamemuunga mkono Sulemani: kwenye jamii ya sisimizi hakuna anayetoa amri. Malkia kazi yake ni kutaga. Hapangi zamu wala haamui vita. Kila mmoja hufuata harufu iliyo mbele yake na mguso wa jirani yake, na kutokana na maamuzi hayo madogo yasiyohesabika hupatikana barabara, ghala, chumba cha kulelea watoto na jeshi.

Lakini funzo la umoja linaacha swali moja bila jibu. Katika umati huo, mmoja ana thamani gani? Akipotea, kuna anayejali? Jibu hubadilika kutoka aina moja ya sisimizi hadi nyingine, na mwaka 2025 swali hilohilo lilifika mbele ya hakimu jijini Nairobi.

Siafu: mmoja si kitu

Nyanda za juu za Gusii, kwenye mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hupata mvua karibu mwaka mzima. Udongo chini ya migomba haukauki, na siafu wanaupenda udongo wa namna hiyo. Wakiingia nyumbani usiku, wenyeji wanajua la kufanya. Kuku hutolewa bandani kwanza, maana kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Watoto hubebwa, jivu la moto na mafuta ya taa hutafutwa. Wengine huwaachia nyumba tu hadi asubuhi, na wakirudi hukuta mende, kunguni na panya wamekwisha.

Jeshi hilo ni la vipofu. Siafu wafanyakazi, ambao kitaalamu ni wa jenasi ya Dorylus, hawana macho kabisa. Huongozwa na kemikali zilizoachwa ardhini na waliotangulia. Askari wenye vichwa vikubwa husimama pembeni mwa msafara, taya wazi, wadogo wakipita katikati na mizigo yao. Askari akishauma haachii. Ukimvuta, mwili hukatika na kichwa hubaki kimeng'ang'ania, na ndiyo asili ya simulizi, zilizoenea Afrika Mashariki, za watu kufunga vidonda kwa vichwa vya siafu.

Kwa nini mwili mzima utupwe kwa ajili ya kuumwa kisigino kimoja? Jibu liko kwa malkia. Watafiti wawili Wabelgiji waliofanya kazi Kongo, Raignier na van Boven, walieleza mwaka 1955 kwamba malkia wa aina moja ya siafu anaweza kutaga mayai milioni 3 hadi 4 kwa mwezi. Hayo ni zaidi ya 100,000 kwa siku. Koloni moja inaweza kufikisha mamilioni ya wafanyakazi, hata milioni 20. Jamii inayozaa hivyo haina haja ya kumlilia askari mmoja.

Udhaifu wa siafu uko kwingine. Malkia wao, mkubwa kuliko malkia wa sisimizi wote duniani, hana mabawa. Wenye mabawa ni madume, wale wadudu wanene wa rangi ya kahawia wanaogonga taa usiku wa mvua na ambao wengi hudhani ni nyigu. Koloni mpya huzaliwa pale ya zamani inapogawanyika, nusu ikaondoka kwa miguu na malkia wake. Kwa hiyo msitu ukikatwa vipandevipande, siafu hawawezi kuruka kutoka kipande hadi kipande. Katika msitu wa Kakamega, watafiti walikuta kwamba aina moja ya siafu, Dorylus wilverthi, hupungua kadiri kipande cha msitu kinavyokuwa kidogo, na nafasi yake huchukuliwa na ndugu yake, Dorylus molestus. Ukihesabu misafara tu, utadhani hakuna kilichobadilika. Ndege ndio waliotoa siri: wale ambao riziki yao ni kuwafuata siafu na kudaka wadudu wanaokimbia mbele ya jeshi walikuwa wamepungua vibaya.

Sungusungu: majeruhi hubebwa

Hesabu ya sungusungu ni nyingine kabisa. Huyu ni yule mweusi mkubwa, Megaponera analis, anayetembea kwa mstari na kuchoma vibaya, na ambaye akisumbuliwa hutoa mlio wa kusagika. Jina lake lilichukuliwa na walinzi wa jadi wa Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipopambana na wezi wa ng'ombe, kisha likavuka mpaka hadi Kisii, ambako kundi la Sungusungu lilijulikana kwa kuwaadhibu washukiwa bila mahakama hadi serikali ikalipiga marufuku. Waliolichagua jina hilo walivutiwa na uvamizi wa mdudu huyu. Upande wake wa pili hawakuujua, kwa kuwa ulikuja kujulikana juzijuzi tu.

Sungusungu hula mchwa, wala hali kingine. Mpelelezi mmoja hutoka, akiona mchwa wanakula mahali hurudi nyumbani, kisha huongoza kikosi cha mia mbili hadi mia tano au zaidi. Wakubwa hubomoa kifuniko cha udongo walichojijengea mchwa, wadogo huingia kuua na kutoa nje. Mchwa nao wana askari, na taya zao hukata miguu. Kila vita huacha vilema.

Mtafiti Mjerumani Erik Frank, akifanya kazi katika Hifadhi ya Comoé huko Côte d'Ivoire, aliona kitu ambacho hakikuwa kimewahi kuandikwa kuhusu mdudu: baada ya vita, wenzao huwaokota majeruhi na kuwabeba hadi nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Majeruhi huita msaada kwa kemikali mbili zenye salfa. Frank alipowalazimisha baadhi yao warudi peke yao, karibu theluthi walikufa njiani, wengi wakiliwa na buibui.

Uchunguzi uliofuata uliingia ndani ya nyumba zao. Majeruhi akifika, wenzake huushika mguu uliokatika na kuulamba kwa dakika kadhaa. Waliotengwa bila tiba hiyo, asilimia 80 walikufa ndani ya saa 24. Waliotibiwa, waliokufa walikuwa asilimia 10. Mwaka 2023 Frank na wenzake walionyesha kwamba kidonda kikiingiwa na bakteria, harufu ya mwili wa majeruhi hubadilika, na wauguzi hutambua. Hapo huchukua majimaji kutoka kwenye tezi iliyo ubavuni mwa kifua na kuyapaka kidondani. Majimaji hayo yana zaidi ya kemikali 100, karibu nusu zikiwa za kuua vijidudu au kuponya vidonda, na vifo vya wenye maambukizi vilipungua kwa asilimia 90.

Kuna pia uchaguzi wa nani abebwe, na unafanywa na majeruhi mwenyewe. Aliyepoteza mguu mmoja au miwili hutulia, hukunja miguu iliyobaki na kubebeka kwa urahisi. Aliyepoteza mitano hupapatika, huzunguka, hashikiki, na huachwa uwanjani. Hakuna daktari anayeamua nani afe. Asiyeweza kutulia hajiokoi.

Msomaji mwenye moyo laini ataiita huruma. Mwanasayansi atatazama idadi. Koloni ya sungusungu ina wafanyakazi elfu moja au mbili hivi, na wanaozaliwa kwa siku ni kumi na kitu. Aliyepona kidonda hurudi vitani siku inayofuata kwa miguu minne au mitano. Wenye uzazi mdogo wana sababu ya kutibu wagonjwa wao. Wenye mayai 100,000 kwa siku hawana.

Majimoto: mtoto na mzee kazini

Ukishuka pwani, kwenye minazi na mikorosho ya Kilifi, Kwale au Unguja, utakutana na jibu la tatu. Majimoto, sisimizi wa mitini, hujenga nyumba kwa kuvuta majani yakutane, kisha kuyashona. Uzi hutoka kwa watoto. Mfanyakazi hushika buu mdomoni, humpeleka huku na huku kati ya jani na jani, na buu hutoa hariri. Katika aina nyingi za sisimizi buu hutumia hariri hiyo kujifunikia. Mtoto wa majimoto huitoa yote kwa ujenzi, akabaki uchi.

Wazee nao wana zamu yao. Bert Hölldobler, aliyewachunguza majimoto wa Shimba Hills katika miaka ya 1970, aliona jinsi wanavyogawana miti kwa mipaka na kuilinda kwa damu. Baadaye, kwa ndugu zao wa Australia, alionyesha kwamba nyumba za mpakani hukaliwa na wafanyakazi waliozeeka. Binadamu hupeleka vijana vitani. Majimoto hupeleka vikongwe, ambao siku zao zilizobaki ni chache hata hivyo. Wakulima wamenufaika na ukali huo: Zanzibar, katika miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alieleza jinsi majimoto wanavyowafukuza wadudu wanaofyonza nazi changa.

Malkia kwenye chupa

Katika aina zote hizo yuko mmoja ambaye kifo chake hakina fidia. Malkia wa kawaida hupandwa mara moja, msimu wa mvua, hutupa mabawa yake, hujichimbia ardhini, na mbegu alizopokea siku hiyo humtosha maisha yote, pengine miaka mingi. Akifa, wafanyakazi huendelea kwa muda bila warithi, kisha koloni huisha.

Mwezi Aprili 2025, katika nyumba ya wageni Naivasha, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa wakiwa na malkia karibu 5,000 katika vichupa 2,244 vilivyotiwa pamba ili wadudu waishi safarini kwa wiki kadhaa. Mkenya mmoja na raia mmoja wa Vietnam walikamatwa katika kesi nyingine wakiwa na mamia. Wengi wa malkia walionaswa Naivasha walikuwa Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wanaovuna mbegu za nyasi na kuziweka ghalani. Chungu aliyesifiwa na Sulemani kwa akiba yake hudhaniwa kuwa wa ukoo huohuo wa Messor. Ulaya na Asia kuna watu wanaowafuga kwenye vioo na kununua malkia mmoja kwa zaidi ya pauni 100.

Wengi walicheka: tembo na faru tunawajua, sasa hata sisimizi? Kicheko hicho kinajibiwa na Laikipia. Mdharau mwiba mguu huota tende, na tembo wa huko wanaikwepa aina moja ya mgunga kwa sababu vinundu vyake hukaliwa na sisimizi wa uzito wa miligramu 5 hivi, ambao humjaa mkongani akithubutu kuuma tawi. Kisha sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, waliosambazwa duniani na mizigo ya binadamu, wakafika na kuwaua walinzi hao. Tembo wakaanza kuivunja migunga kwa kasi mara tano hadi saba. Simba wakakosa vichaka vya kujificha. Utafiti wa Ol Pejeta ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha matokeo: mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba, kufikia 2020 wakawa asilimia 42, na simba wakageukia nyati.

Mlolongo huo wote ulianzishwa na malkia waliosafirishwa wasikokuwa. Biashara ya vichupa inafanya jambo lilelile kwa makusudi, huku ikizipokonya nyasi za Kenya wavunaji wa mbegu zake.

Mnamo Mei 2025 mahakama iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Piga hesabu ya wale wawili wa Naivasha: shilingi milioni 2 kwa malkia 5,000 ni shilingi 400 kwa kila mmoja. Kule sokoni, huyohuyo anauzwa zaidi ya shilingi 17,000. Atakayejitetea atasema kwamba porini malkia wengi wachanga hufa kabla ya kuanzisha koloni, na atakuwa amesema kweli. Hiyo ndiyo inayompandishia bei yule anayepona, kwa sababu kila koloni iliyopo ilitokana na mmoja wao. Siafu, sungusungu na majimoto kila mmoja ana hesabu inayolingana na hasara anayoweza kuibeba. Faini inayomhesabu malkia kama mdudu mmoja haijalingana na hasara yoyote. Inampa mfanyabiashara gharama ndogo ya kuweka kwenye daftari lake, na faida inabaki.