Trekta la zamani: kagua kwanza, lipa baadaye

Msikilizaji, umeuza ng'ombe ili familia ipate trekta la kwanza. Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa 1964, bado linaweza kulima, ila usilipe kabla ya kulikagua.

Fika na fundi wako, ukute injini imepoa. Ikiwa ina moto, huenda muuzaji anaficha kwamba haiwaki kirahisi. Moshi wa bluu usiokatika: injini inakula oili. Oili nyeupe kama maziwa: maji yameingia. Inua jembe, likishuka lenyewe, haidroliki imechoka. Kwa milima ya Mbulu, breki ni uhai. Zijaribu kwenye mteremko mdogo.

Mwisho, jina kwenye kadi lifanane na la muuzaji. Kisha kamilisheni uhamisho wa umiliki TRA.