Manyoya ya Mshale: Matatu ya Bawa Moja



Upinde na mshale vina heshima ya kale katika Uislamu. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 kilimani walinde mgongo wa jeshi. Katika nchi zetu nako, Wakamba, jirani za Thika kwa upande wa mashariki, wamesifika tangu zamani kwa upinde. Nao Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hata leo huivika mishale yao manyoya ya tumbusi na kanga, wakayafunga kwa kano za wanyama.

Familia zetu nyingi zinapotafuta mchezo wa kuwafundisha vijana utulivu na shabaha, huu unafaa. Walioko bara, kama vile Kiganjo mjini Thika, wamo katika Kaunti ya Kiambu, yenye wafugaji wengi wa kuku. Na bata mzinga akichinjwa, manyoya yatupwayo jaani ndiyo yatakiwayo.

Mshale usio na manyoya huyumba hewani. Manyoya hushika upepo nyuma, yakaulazimisha mkia uifuate chembe. Yakiwekwa vibaya, mshale hupotoka, na huenda ukamfikia mtoto aliyesimama kando. Basi kazi hii ndogo ni amana.

Chagua manyoya marefu na magumu ya bawani. Ya kifuani ni laini mno. Na yote matatu yawe ya bawa la upande mmoja. Manyoya ya kulia yamepinda huku na ya kushoto kule. Yakichanganywa, yatashindana badala ya kusaidiana. Kwa hiyo siku ya kuchinja, tenga mafungu mawili kabla hayajachanganyika.

Tohara nayo itazamwe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi mwambao, manyoya ya ndege aliwaye na aliyechinjwa kisheria ni tohara, bali ya mzoga ni najisi. Tumbusi tumwache kabisa: ndege hawa wanakwisha kwa sumu zitegwazo mizogani, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumiliki viungo vya wanyamapori bila kibali.

Osha manyoya kwa sabuni na maji ya vuguvugu, uyaanike kivulini. Pasua uti wa kila unyoya kwa wembe, ubaki na upande mpana, kisha usugue kwa msasa hadi ukae sawasawa. Kata vipande vya inchi 4 vilivyolingana. Shina la unyoya lielekee kwenye chembe, na nyuma iachwe inchi moja ya kushika vidole. Unyoya wa kwanza usimame mkabala na mkato wa kutilia upote, ili uwe upande wa nje, mbali na upinde. Miwili iliyobaki igawane duara kwa nafasi sawa. Bandika kwa gundi, subiri ikauke, kisha funga uzi mwembamba penye shina na uupake gundi, kwani shina lililoinuka huchana mkono mshale upitapo.

Manyoya yakinywea kwa unyevu wa masika, yashikilie juu ya mvuke wa birika, yatainuka tena. Podoni tia karafuu kidogo kufukuza nondo.

La mwisho ni shabaha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, nasi tuna katazo la kale zaidi: Ibn Umar (R.A.) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale, akawakemea na kuwaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani amfanyaye kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Gunia la majani makavu mbele ya ukuta latosha, na asiwepo mtu mbele ya upinde hadi mishale yote iokotwe. Kuku wa nyumbani ametupa manyoya yake. Asitolewe tena kuwa shabaha.