Ukikaa Ughaibuni, Leseni Yako Nayo Ina Muda Wake

Kabla sijaanza chuo nilikaa Ujerumani miezi 18, nikijitolea kwenye nyumba ya kulelea watu wenye ulemavu. Nilikwenda na leseni yangu ya Tanzania mfukoni, nikijua kabisa kwamba mimi ni dereva. Kituo kikanikabidhi gari, nikawa nawapeleka wakazi kliniki, dukani na kanisani. Mambo yalienda vizuri mpaka siku mfanyakazi mwenzangu mmoja, mama wa makamo, aliponiuliza tukiwa jikoni: "Hivi wewe uliingia lini nchini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akaweka kikombe chini. Nilikuwa nimeivuka miezi sita kwa siku tisa, na siku zote hizo nilikuwa barabarani na watu wasioweza hata kujifungulia mkanda.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka kuna wenzetu hapa chuoni wanaondoka kwenda kubadilishana masomo, kujitolea au kusoma shahada ya pili. Tunahangaika na viza, tiketi na bima ya afya. Leseni hakuna anayeiuliza.

Sheria ya Ujerumani iko hivi. Mtu anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao kwa miezi sita tangu aanze kuishi nchini. Sikiliza hapo: tangu aanze kuishi, si tangu siku ya kwanza aliposhika usukani. Kama unakaa muda usiozidi miezi 12 na unaweza kuthibitisha hivyo, unaweza kuomba uongezewe muda. Mimi nilikuwa na mkataba wa miezi 18, kwa hiyo mlango huo ulikuwa umefungwa. Na wale wanaosema "si utachukua leseni ya kimataifa?" wajue kwamba kile kitabu ni kama tafsiri ya leseni yako tu. Hakiongezi hata siku moja.

Ukipitisha muda ukaendesha, si kosa la kulipa faini kwa trafiki halafu safari ikaendelea. Ni jinai. Adhabu yake ni faini ya mahakama au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Nikarudisha funguo siku ileile. Wiki zilizofuata mzee mmoja aliyezoea kukaa kiti cha mbele alikuwa ananiuliza kila asubuhi kwa nini siendeshi, nami sikuwa na jibu la kumtosha.

Basi nikaanza safari ya kutafuta leseni ya pale. Kuna nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa bila mtihani. Kwa Afrika, Namibia na Afrika Kusini zimo kwenye orodha. Tanzania haimo, Kenya haimo. Sisi tunafanya mitihani yote miwili, wa nadharia na wa vitendo. Nafuu iliyopo ni moja: hulazimishwi kuhudhuria idadi maalumu ya masomo kama anayeanza kabisa. Lakini mtihani wa vitendo lazima uende na mwalimu wa shule ya udereva na gari lao, na hakuna mwalimu atakayekupeleka bila kukuona ukiendesha kwanza. Ukijumlisha ada zote, unazungumzia mamia ya yuro, na ukifeli zinaweza kuvuka elfu moja. Kwa posho ya mtu anayejitolea, hiyo ni kufunga mkanda kweli.

Ofisi ya leseni itataka pasipoti, uthibitisho wa makazi, picha, leseni yako halisi na tafsiri yake, cheti cha kupima macho na cheti cha huduma ya kwanza. Kozi ya huduma ya kwanza ni vipindi tisa vya dakika 45, inaisha kwa siku moja. Halafu unasubiri majibu. Mimi nilisubiri wiki nyingi, ndiyo maana nasema anza mapema.

Mtihani wa nadharia unafanywa kwenye kompyuta, maswali 30. Kila swali lina uzito wake, na ukikosa kwa zaidi ya pointi 10 umefeli. Ukikosa maswali mawili ya pointi tano tano, umefeli pia. Unaweza kuufanya kwa Kijerumani au kwa lugha nyingine 12, zikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Nilichagua Kiingereza nikapita mara ya kwanza, kichwa kikavimba.

Mtihani wa vitendo ukanishusha. Kule wanaendesha kulia, hilo nilishalizoea. Kilichoniangusha ni vitu viwili. Cha kwanza ni kanuni ya mitaa isiyo na alama: anayetokea kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama barabara yako inaonekana pana kuliko yake. Cha pili ni kugeuza shingo na kuangalia nyuma ya bega kabla ya kukata kona, maana kioo hakimwonyeshi mwendesha baiskeli aliye ubavuni. Sikugeuza shingo. Mwalimu akakanyaga breki yake, baiskeli ikapita, mtihani ukaishia hapo. Sikukasirika. Nilitetemeka. Miezi sita nilikuwa nikikata kona hivyohivyo na gari limejaa watu.

Mara ya pili nilipita. Wakati wa kukabidhiwa leseni mpya, ile ya Tanzania inabaki ofisini kwao, kwa hiyo usishtuke. Uliza mapema utaratibu wa kuirudisha utakapoondoka.

Nchi nyingine zina hesabu zao. Uingereza inakupa miezi 12 tangu uwe mkazi, baada ya hapo unaanza na leseni ya mwanafunzi na mitihani yote. Marekani kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo jibu la rafiki yako wa Texas lisikufae wewe uliye New York.

Ushauri wangu kwa anayeondoka: siku unayofika, andika kwenye simu tarehe ya mwisho wa leseni yako. Mwezi wa pili peleka maombi, usingoje wa tano. Na mwajiri akikukabidhi funguo, usidhani ameshakuchunguzia sheria. Wangu hakuwa amechunguza, na ukikamatwa, anayeulizwa leseni ni aliyeshika usukani.

Yule mzee nilimrudisha kiti cha mbele miezi miwili kabla ya kuondoka. Kila kona aliniangalia nikigeuza shingo, halafu na yeye akageuza.