Mwalimu Asiyeona Nyuso

Katika darasa la kuta nne mwalimu hodari husoma nyuso kabla ya kusoma madaftari: kipaji kilichokunjamana, macho yaliyokimbilia dirishani, kalamu iliyosimama katikati ya hesabu, yote humpa habari kwamba somo limemwacha mtu nyuma, naye hurudi kumchukua. Somo likihamia mtandaoni, kama lilivyohamia kwa ghafula katika vyuo vingi milango ilipofungwa Machi 2020, habari hizo hukatika. Mwalimu huzungumza mbele ya orodha ya majina, kamera zimezimwa kwa kuwa bando ni ghali, na ukimya unaomjibu waweza kuwa wa mtu aliyefahamu, aliyekata tamaa, au aliyeiacha simu mezani akaenda zake sokoni.

Shida hii ina umri mkubwa kuliko mtandao. Mwaka 1840, Uingereza ilipoanza kupeleka barua nchi nzima kwa peni moja, Isaac Pitman wa mji wa Bath alifundisha hati mkato kwa njia ya posta: mwanafunzi alinakili aya za Biblia kwa hati ile, akazipeleka, na Pitman akazisahihisha na kuzirudisha. Thamani ya mafunzo yale ilikuwa katika karatasi iliyorudi. Nastaajabu, basi, kuona masomo mengi ya leo, yenye picha na sauti ambazo Pitman hakuziota, yakimmiminia mwanafunzi maarifa bila kumrudishia hata sahihisho moja.

Tangu mwanafalsafa Michael Scriven alipozipambanua mwaka 1967, wataalamu hutaja tathmini za namna mbili: endelezi, ifanywayo somo likiendelea ili lirekebishwe, na tamati, itoayo hukumu mwishoni. Mtandaoni fikira nyingi zimetumika katika hii ya pili, hasa katika kumvizia mdanganyifu, ilhali ile ya kwanza ndiyo inayoweza kumrudishia mwalimu macho yake.

Hebu tutazame swali moja. Mwalimu auliza: nusu ukijumlisha na thuluthi ni ngapi? Jibu ni 5/6. Lakini ufundi umo katika majibu ya makosa: aliyechagua 2/5 amejumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini, aliyechagua 1/6 amezidisha au ametoa badala ya kujumlisha. Kila kosa lina asili yake, na swali lililotungwa kwa uangalifu huidhihirisha asili hiyo. Programu ya Moodle, iliyotungwa Australia na Martin Dougiamas na kutumiwa, pamoja na vyuo vingine, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, humruhusu mwalimu kuambatisha maelezo kwa kila jibu, hata mwanafunzi akaonywa papo hapo, saa sita za usiku, mwalimu akiwa amelala. Kuandika maelezo hayo ni kazi ya kuchosha. Ndiyo maana aghalabu hukutwa pameandikwa "si sahihi" tu.

Ama alama, hizo zitolewe kwa hadhari. Mwaka 1988 Ruth Butler alionyesha, katika utafiti wake huko Israeli, kwamba wanafunzi waliopewa maelezo matupu juu ya kazi zao waliendelea mbele, lakini faida hiyo ilitoweka mara alama zilipowekwa kando ya maelezo yale yale.

Mwalimu naye ahitaji kupimwa. Hojaji ya mwisho wa muhula humfaa mwanafunzi wa mwakani, si yule aliyeijaza. Bora maswali mawili mwisho wa kila somo: ni jambo gani kubwa umejifunza, na lipi bado linakutatiza? Yajibiwe kwa maneno machache, yasiyokula bando, na kwa faragha bila jina, maana adabu zetu humzuia kijana kumwambia mwalimu wake hadharani kuwa hakueleweka, na adabu hiyo siyo ya kulaumiwa.

Mwalimu ambaye darasa lake ni kubwa, asiweze kumjibu kila mmoja, na ayasome majibu yote, achague tashwishi tatu zilizokaririwa zaidi, kisha azijibu mwanzo wa somo lifuatalo, kabla ya kufundisha neno lolote jipya.