Fahamu: Kwa nini hisabu ya mvua ya Kalehe haikukamilika

Tarehe 4 Mei 2023, mvua iliyoteremka juu ya milima ya Kalehe, wilaya ya mashariki mwa Kongo ambayo Bunyakiri nayo ni sehemu yake, iliijaza mito hata ikashusha matope na majabali juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafariki. Wataalamu wa World Weather Attribution, walipotaka kujua kama joto la dunia lilizidisha gharika ile, walikusudia kulinganisha kwa kompyuta mvua za dunia ya leo na za dunia ambayo isingalipata joto la moshi wa viwanda. Lakini modeli ya kompyuta haina budi kuhakikiwa kwanza kwa mvua iliyopimwa ardhini, na vituo vya kupimia pande hizo ni haba mno, wala takwimu za setilaiti hazikutosha kuziba pengo hilo; basi Juni 2023 wakakiri, kwa uaminifu unaostahili sifa, kwamba hawawezi kutoa hukumu. Nami naona ni dhuluma iliyo dhahiri kwamba wakazi wa miteremko hii, waliochangia moshi huo kidogo kabisa, wakose hata kipimamvua, chombo kisicho ghali, ambacho mwalimu wa Bunyakiri angeweza kukisoma kila asubuhi na kuandika milimita zake daftarini.