Nyonga bandia: Je, mkato mdogo una faida?

Mtu ambaye nyonga yake imechakaa kiasi cha kushindwa kupanda ngazi humuuliza daktari maswali mawili: ataumia kiasi gani, na atalazwa kwa muda gani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wa viungo bandia walidai kuwa wana jibu.

Upasuaji huu ulianza kushika mizizi mwaka 1962, daktari Muingereza John Charnley alipofanikiwa kuweka kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, katika hospitali ya Wrightington. Kwa miongo kadhaa madaktari walipasua mkato mrefu, mara nyingi wa sentimita 20 au zaidi, ili waone vyema mahali wanapochonga mfupa.

Njia mpya ilitumia mkato usiozidi sentimita 10, au mikato miwili midogo, huku daktari akiongozwa na picha za eksirei. Kampuni ya Zimmer ya Marekani iliwafundisha madaktari njia ya mikato miwili na kuitangaza kwa nguvu. Baadhi ya wagonjwa walirudi nyumbani siku ile ile.

Hata hivyo, majaribio hayakuthibitisha sifa hizo. Mwaka 2005 madaktari wa Belfast walichapisha matokeo ya wagonjwa 219, nusu wakiwa wamepasuliwa sentimita 10 na wengine 16: hapakuwa na tofauti ya maana katika kupona kwao. Mwaka 2008, watafiti wa Mayo Clinic waliripoti kuwa waliopasuliwa kwa mikato miwili walichelewa kupona kuliko wenye mkato mmoja mfupi. Tundu likiwa dogo, daktari haoni vizuri. Kikombe huweza kukaa upande, au mfupa wa paja kupata ufa. Kilichowawahisha wagonjwa nyumbani, kwa kiasi kikubwa, ni dawa bora za maumivu na kusimamishwa mapema, mambo yasiyohitaji chombo kipya cha kuuzwa.

Biashara yenyewe ilikuwa na kasoro zake. Mwaka 2007, kampuni nne, Zimmer ikiwemo, zilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 311, kufuatia tuhuma kwamba ziliwalipa madaktari ili watumie bidhaa zao.

Na hatari kubwa haikuwa kwenye kovu. Nyonga ya ASR ya kampuni ya DePuy, ambayo chuma chake kilisuguana na chuma, ilikuwa imewekewa watu wapatao 93,000 duniani iliporudishwa mwaka 2010. Chembe za chuma ziliharibu nyama za ndani. Daftari la taifa la Australia, linaloandika kila kiungo kinachowekwa, lilikuwa limekwisha kuonyesha kasoro hiyo, na huko iliondolewa sokoni mwaka 2009.

Afrika Mashariki, wengi husafiri hadi India kwa upasuaji huu. Karatasi yenye jina na namba ya kiungo ni ya kurudi nayo, kwani daktari wa nyumbani ataihitaji miaka 15 baadaye, kabla ya kushika kisu.