Mtazamo, Mahali pa Kutazamia na Sangara wa Nyakato

Miongoni mwa maneno yaliyoelemewa na mizigo katika Kiswahili cha leo ni neno mtazamo. Hutumika kwa maana ya rai, kwa maana ya msimamo wa kisiasa, na tena katika mafunzo ya upigaji picha kwa maana ya mahali anaposimama mpiga picha, pamoja na sura ya kitu anayoiona kutoka hapo. Ubaya wa kulitwika neno moja kazi zote hizo niliuona nilipopeleka rasimu ya kijitabu kwa vijana wanaojifunza kazi hiyo huko Nyakato, Mwanza. Nilikuwa nimeandika, "Badili mtazamo wako kabla ya kupiga." Kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Kwani rai yangu ina kosa gani, mwalimu?"

Tulitoka nje kutafuta mfano. Kandokando ya barabara iendayo Musoma, kama ilivyo katika miji yetu mingi, mafundi huchora ukutani vitu vinavyopatikana ndani: nywele zilizosukwa, matairi, soda, samaki. Tulisimama mbele ya banda la mama mmoja mkaanga samaki. Ukutani pake amechorwa sangara (samaki ambaye hakuwamo katika ziwa hili kabla ya miaka ya 1950) mwenye urefu wa mita 2 hivi na kimo cha sentimita 60. Picha ya kwanza ilipigwa kutoka mbele kabisa, na sangara akatoka sangara. Ya pili ilipigwa kwa mbali, mpiga picha akiwa amehama nyuzi 60 kutoka mstari wa mbele. Kutoka hapo urefu wa mchoro huonekana nusu tu, ilhali kimo chake hakipungui. Sangara wa mita 2 akawa kama wa mita 1, mfupi, mnene, yaani sato. Mwenye banda alipoonyeshwa alicheka sana, akasema yeye sato hauzi.

Ya tatu ilipigwa karibu na kichwa. Hapo kinywa kilitanda na mkia ukawa kama wa dagaa, kwa kuwa kitu kilicho mbali mara mbili huonekana nusu ya ukubwa wake. Wengi hudhani lenzi ndiyo iletayo mageuzi haya. La hasha. Ukisimama mahali pamoja, lenzi itakupunguzia au kukuongezea eneo linaloonekana, lakini uwiano wa kilicho karibu na kilicho mbali hauguswi. Huguswa na miguu yako.

Wachoraji wamelijua jambo hili zamani. Katika mchoro wake wa mabalozi wawili wa mwaka 1533, Hans Holbein alitia chini doa refu lisiloeleweka. Atazamaye kutoka pembeni huona fuvu la kichwa. Mwingereza Julian Beever huchora kwa chaki sakafuni barabarani mashimo na vidimbwi ambavyo huonekana vya kweli kutoka mahali pamoja tu. Hata herufi zinazopakwa rangi juu ya lami hurefushwa makusudi, ili dereva anayezijia kwa mbali azione za kawaida.

Sasa turudi kwenye istilahi. Kwanza, picha. Tulichokipata Nyakato ni "picha ya picha", na msomaji hajui ipi ni ipi. Lugha yenyewe hutofautisha kwa kitenzi: moja hupigwa, nyingine huchorwa. Kwa hiyo katika kijitabu nimeandika mchoro kwa iliyo ukutani na picha kwa ile ya kamera. Pili, mtazamo nimeuachia rai. Anaposimama mpiga picha nimepaita mahali pa kutazamia, na sura itokayo hapo mwonekano. Ni maneno marefu kidogo, lakini hayakumchanganya mwanafunzi hata mmoja.

Lililobaki ni jina la kule kufupika kwa kitu kionekanacho kwa mshazari. Mezani kwangu nilikuwa nimeunda msinyao. Fundi aliyemchora yule sangara alisikiliza, kisha akasema kwamba kusinyaa ni kwa ngozi na majani. Wao husema mchoro umelala. Nimeyaandika yote mawili katika rasimu. Kwa upande wangu, nimeanza kuelemea kwa fundi, ingawa kulala huenda kukamsumbua mwandishi wa hesabu, na ningependa kusikia mafundi wa Tanga, Ujiji na Zanzibar wanasemaje.